Mkono wa Adili: Tabia Iliyopotoka na Mzigo wa Ndugu

Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, aghalabu husomwa darasani kama mizani yenye vitanga viwili. Katika kitanga kimoja huwekwa wema wa Adili. Katika cha pili, husuda ya Hasidi na wivu wa Mwivu. Wema huwa mzito, uovu huwa mwepesi, na swali la mtihani huwa limejibiwa. Usomaji huo si wa uongo, walakini ni mfupi. Huacha nje jambo lililo gumu kuliko yote kitabuni: kwamba mwenye haki ndiye ashikaye kiboko, na awapigao ni ndugu zake awapendao.

Kisa chenyewe chajulikana. Ndugu watatu hurithi mali ya baba yao. Wakubwa wawili husafiri kwa biashara na kurudi mikono mitupu. Mdogo huwapokea na kuwagawia chake. Baadaye husafiri pamoja, na safarini wakubwa humtosa mdogo wao baharini. Huria, jini ambaye Adili alikuwa amemwokoa kabla, humtoa majini, huwageuza wale wawili kuwa manyani, na humwamuru Adili awapige kila usiku. Akikosa, adhabu itamrudia mwenyewe. Adili hutii. Huwapiga, kisha huwatunza na kuwalisha.

Katika picha hiyo ya kiboko na chakula kutoka mkono mmoja, mwandishi amegusa jambo ambalo elimu ya maradhi ya akili imelishughulikia kwa muda mrefu. Wako watu ambao kasoro yao haimo katika homa wala katika kupotewa na fahamu, bali katika namna yao ya kudumu ya kujiona na kuwaona wenzao: kwao fadhila hugeuka tusi, na mafanikio ya ndugu huwa wizi. Kasoro hiyo, ambayo yaweza kuitwa maradhi ya haiba, kwa kawaida huanza kuonekana ujanani, na huhusishwa na mambo ya kurithi pamoja na madhara ya utotoni. Hailazimu kuzaa ukatili. Wengi walio nayo hujiumiza wenyewe kuliko wanavyowaumiza wengine. Lakini mahali inapojidhihirisha zaidi ni katika ujamaa, kati ya mtu na wale waliomkaribia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema methali. Na huko kutokwisha ndiko kunakofanya maumivu ya nyumbani yawe marefu.

Haifai kumchukua Hasidi na kumpa cheti cha daktari. Shaaban Robert aliandika juu ya husuda, si juu ya ugonjwa, na mhusika wa hadithi si mgonjwa wa wodi. Hata hivyo, jinsi alivyowapa majina yafaa kuchunguzwa. Katika hadithi hii jina ni hukumu: Hasidi ni mwenye kuhusudu, Mwivu ni mwenye wivu, na hawakuachiwa nafasi ya kuwa kitu kingine. Madaktari nao walikuwa na desturi kama hiyo, ya kumtia mtu katika aina na kumwacha humo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, uliacha karibu majina yote ya aina hizo, ukaweka daraja za ukali: hafifu, wastani na kali. Daraja yaweza kupanda na kushuka. Jina hubaki pale pale. Hadithi ya mafunzo huhitaji majina ili ifundishe, na gharama yake ni kwamba msomaji hujua ndugu hao ni wabaya kabla hawajatenda lolote.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Hasidi na Mwivu hawana usemi. Kisa chao husimuliwa na Adili, nao wamo minyororoni katika umbo la wanyama. Msomaji haambiwi husuda yao ilitoka wapi, ingawa baba yao alikuwa mmoja na urithi wao ulikuwa mmoja. Katika maisha, sauti hiyo iliyokosekana imeleta faida kubwa. Marsha Linehan, mtaalamu wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1993 kilieneza njia ya kuwatibu watu wa namna hii kwa mazungumzo na mazoezi, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ujanani kwa mateso ya nafsi kama yao. Tiba iliyosaidia wengi ilitoka kwa mtu aliyeyajua maumivu hayo kwa ndani.

Walakini kwa upande wa jamaa, kitabu kina hekima isiyotajwa sana. Adili hupiga usiku, mlango umefungwa. Mchana ni mtawala mwadilifu wa Janibu; usiku ni mtu mwenye siri. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi zenye ndugu wa tabia iliyovurugika: aliyeumizwa hulazimika kuwa mlinzi, mlinzi huogopa kuonekana katili, na aibu huwafunga wote chumba kimoja. Wala kiboko hakikuwarudishia manyani utu wao hata usiku mmoja. Mlango ulifunguka pale Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, alipoona kwa jicho lake, na mfalme akamtaka Adili aeleze. Mficha uchi hazai. Adili alisimulia, na baada ya kusimulia mzigo ulipata watu wengine wa kuuchukua; maombezi ya mfalme yakafanya kile ambacho kiboko kilishindwa kufanya.

Hapa ndipo hadithi inapoweza kulaumiwa kwa haki. Ndugu hurudishiwa sura yao kwa mara moja, hali haiba haibadiliki kwa amri. Matibabu huchukua miezi na miaka, na jamaa hulazimika kujifunza kuweka mipaka isiyo kiboko wala si kukubali kutoswa tena. Adili hakuwa na njia ya tatu. Alipewa kupiga au kupigwa. Msomaji wa leo, ambaye pengine ana ndugu wa namna hiyo nyumbani kwake, asijifunze kutoka kwake utii wa usiku. Ajifunze alichofanya mbele ya Rai: kusema yote, pamoja na yale yaliyomtia aibu yeye mwenyewe, na bado kuwaita wale wawili ndugu zake.