Seva Zinapokataliana Vyeti: Fundi Aanzie Wapi?

Katika kaunti ya Bomet, kuanzia Kapkoros hadi Mogogosiek, kilo za majani mabichi ya chai ndizo karo, ndizo hospitali, ndizo chakula. Ofisi yoyote inayotunza kilo hizo kwenye kompyuta imebeba dhamana kubwa. Siku hizi kompyuta mwenyeji moja huendesha mashine pepe kadhaa: moja ya hifadhidata, nyingine ya malipo, nyingine ya kuwatambua watumiaji. Kabla hazijapeana taarifa, kila moja hudai cheti cha kidijitali cha mwenzake. Cheti kikikataliwa, umeme upo, nyaya ni nzima, lakini malipo yamekwama.

Fundi aliyebanwa hukimbilia kuzima ukaguzi wa vyeti. Kazi huendelea, lakini kuanzia hapo mashine yoyote inaweza kujifanya seva ya malipo na ikasadikiwa. Kuna njia bora, nayo ina mpangilio.

Kabla ya yote, ielewe misingi. Cheti ni kama barua ya chifu: mwenye nyumba hamjui mgeni, lakini anaujua muhuri. Seva nayo huangalia kama cheti kimetiwa sahihi na mamlaka iliyomo katika orodha yake ya kuaminiwa, kama jina ni lenyewe, na kama tarehe zinaruhusu.

Kwanza, kagua saa, kwa sababu ndiyo rahisi kukagua. Nyanda za Kericho na Bomet ni nchi ya radi na mvua ya mawe. Umeme ukikatika huku betri ndogo ya ubao mama imechoka, kompyuta mwenyeji inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita, na mashine pepe zinazochukua saa kwake zikarithi kosa hilo. Cheti kizima kitaonekana hakijaanza kutumika. Tena, ESXi, programu ya VMware inayoendesha mashine pepe, huhesabu saa kwa UTC, yaani saa ya dunia, ilhali Kenya iko mbele kwa saa 3. Anayeingiza saa ya Bomet mahali pa UTC huipeleka mashine saa 3 mbele ya wakati. Dawa ni kuzielekeza mashine zote kwenye chanzo kimoja cha saa kwa itifaki ya NTP.

Pili, kagua jina. Mashine iliyonakiliwa kutoka nyingine huja na cheti na ufunguo wa ile ya kwanza, hivyo hujitambulisha kwa jina lisilo lake. Vilevile, seva ikiitwa kwa anwani ya IP wakati cheti kina jina tu, itakataliwa.

Tatu, fuata mnyororo wa vyeti, kutoka cheti cha seva hadi cha mamlaka ya juu kabisa, yaani mzizi. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda. Vyeti vya mamlaka ya Let's Encrypt vilikuwa bado halali kupitia mzizi mpya, ISRG Root X1. Hata hivyo, programu zilizotumia maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 1.0.2 zilishika njia ya zamani, zikafika kwenye mzizi uliokwisha na kukataa kuunganishwa. Tiba mojawapo ilikuwa kuuondoa mzizi huo wa zamani kwenye orodha ya kuaminiwa. Kwa hiyo usitosheke na tarehe ya cheti cha seva peke yake; soma kila kiungo kilicho juu yake.

Nne, na hapa ndipo miundombinu ya mashine pepe huwatesa wengi, tafuta kumbukumbu zilizopitwa na wakati. Katika vCenter, programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe, fundi anaweza kubadilisha cheti cha seva vizuri kabisa, lakini daftari la huduma za ndani likabaki na alama ya utambulisho ya cheti cha zamani. Huduma nyingine zikilinganisha, hazioni ulinganifu, nazo hukataa. VMware ilitoa zana ya lsdoctor kwa ajili ya kurekebisha hitilafu ya namna hiyo.

Fumbo gumu zaidi ni la STS, huduma ya vCenter inayotia sahihi vibali vya kuingia. Mifumo iliyosakinishwa upya kuanzia vCenter 6.5 Update 2 iliweza kupata cheti cha STS cha miaka 2 tu. Kikiisha, hakuna anayeingia, ingawa cheti kinachoonekana kwenye kivinjari ni kizima. Hati ya checksts.py hukagua tarehe, na fixsts.sh hutengeneza cheti kipya. Kabla ya kugusa chochote, zima mashine ya vCenter na uhifadhi hali yake. vCenter zilizounganishwa zote zihifadhiwe kwa pamoja. Ukirudisha moja peke yake katika hali ya jana, umejiongezea mgongano wa pili.

Kuzima ukaguzi kuna upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde ipasavyo. Namba ya kitambulisho na akaunti ya mkulima ni taarifa za namna hiyo, na kuzima ukaguzi ni kuziacha wazi.

Kazi ya kufuatilia vyeti itaongezeka. Kwa uamuzi wa Aprili 2025 wa CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, vyeti vya umma vitadumu siku zisizozidi 47 kuanzia 15 Machi 2029. Nawasihi mafundi wa Bomet na kwingineko: orodhesheni kila cheti na tarehe yake ya mwisho, vya ndani vikiwemo, mkabidhi orodha hiyo kwa mtu anayejulikana, na msiruhusu ukaguzi uliozimwa kwa dharura ulale umezimwa.