Mgonjwa wa Siku Thelathini

Katika zahanati za vijijini mkoani Tabora, takwimu huanzia kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, iliyofunguliwa mezani. Muuguzi anaandika jina, umri, jinsi, kijiji anakotoka mgonjwa, majibu ya kipimo na ugonjwa. Kisha anahamishia kwenye karatasi ya kuhesabia: vijiti vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Mwisho wa mwezi vijiti hujumlishwa, na jumla hupelekwa wilayani.

Ninawaheshimu sana wanaoifanya kazi hii vizuri, na ubora wao huonekana kwenye mambo madogo. Mama akisema mtoto "ana kama mwaka hivi", muuguzi makini anaomba kadi ya kliniki, kwa sababu miezi 11 na miezi 13 ni safu mbili tofauti. Yule mgonjwa aliyerudi kwa homa ileile ya juzi haandikwi kama mgonjwa mpya. Hakuna kompyuta huko juu itakayorekebisha kijiti kilichochorwa mahali pasipo pake.

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu akishajua namba zinakotoka, somo la wastani humwingia kwa urahisi. Tuseme wagonjwa saba wa homa wameulizwa wameugua siku ngapi kabla ya kuja, wakajibu: 1, 1, 2, 2, 3, 3, 30. Jumla ni 42, wastani ni siku 6. Lakini kati ya hao saba hakuna aliyeugua siku 6, wala hata 5. Ukizipanga na kuchukua ya katikati, yaani mediani, unapata 2, na hiyo inawaeleza wengi wao kwa haki zaidi.

Wengi hufunga daftari hapo. Mwalimu hodari anaendelea: badilisha ile 30 iwe 300, kisha tafuta mediani tena. Ni 2 vilevile. Kipimo kilichotuokoa na wastani kimemfuta mtu kabisa.

Na mtu huyo ni nani? Upande wa Urambo na Kaliua, kwenye miyombo yenye mbung'o, homa inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, huku kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, inaweza kuwa malale. Anaweza kuwa mlina asali aliyekaa kambini porini hadi akaishiwa nguvu. Anahitaji tone la damu chini ya hadubini leo, kabla vimelea havijafika kwenye ubongo. Hapa ndipo ninapoiona takwimu kuwa kazi ya tiba kabisa: kumjua wa kawaida ili umtambue asiye wa kawaida, kisha uinuke ukamuulize analala wapi.

Ugumu mwingine uko chini ya mstari wa sehemu. Kiasi, namba ya juu, tunakipata kwenye rejista; asili, namba ya chini, inatoka kwa jamii nzima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora. Ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Ongezeko ni zaidi ya milioni moja, karibu asilimia 48 kwa miaka kumi. Atakayegawanya chanjo za leo kwa watoto wa makadirio ya zamani anaweza kupata asilimia 110 na kushangilia, wakati kuna kaya nzima kwenye mashamba mapya ya tumbaku ambazo hazijaonja chanjo.

Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, hakuwa na asili yoyote. Bara haikuwa na sensa. Alichokuwa nacho ni watu wa misafara, na aliwauliza kwa subira: ugonjwa ulikuwa wapi, mwezi gani, ulifika kabla ya nani? Kwa kupanga majibu hayo aliweza kuonyesha, katika kitabu alichochapisha 1876, kwamba ugonjwa uliteremka kutoka bara hadi Pangani ukifuata njia za biashara, kisha ukavuka kuingia kisiwani. Hakujua ni wangapi kwa kila elfu walikufa njiani. Mahali na wakati vilimtosha kuiona njia.

Mwanafunzi anayepelekwa leo kwenye mafunzo ya vitendo Sikonge au Nzega anaweza kuanza vivyo hivyo, kwa mwenyekiti wa kitongoji: kaya ni ngapi, zipi zimehamia tangu masika, na nani yuko porini wiki hii.