Jinsi Tiba ya Mgongo Ilivyofikishwa Shoshong

Maumivu ya mgongo hayaui, ndiyo maana huwa ya mwisho kupangiwa fedha. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, tatizo linaloongoza duniani kwa kusababisha ulemavu. Kijijini madhara yake huonekana upesi: asiyeweza kuinama halimi, hachoti maji, wala habebi mtoto.

Nchini Botswana, utafiti wa Maria Hondras na wenzake ulionyesha kuwa wanavijiji wengi, hasa wanawake, waliyachukulia maumivu ya mgongo na magoti kuwa sehemu ya maisha ya kazi ngumu. Huko ndiko World Spine Care, shirika lililoanzishwa mwaka 2008 na Scott Haldeman, daktari wa mishipa ya fahamu na mtaalamu wa kiropraktiki (tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono), lilikopeleka huduma kwa makubaliano na Wizara ya Afya: mjini Mahalapye na katika kijiji cha Shoshong.

Uamuzi wa kwanza wa maana ulikuwa kuiweka huduma ndani ya mfumo wa serikali. Mgonjwa anapohitaji picha, dawa au upasuaji, njia ya rufaa ipo tayari. Hilo ni jambo zito katika nchi yenye mzigo wa kifua kikuu na VVU, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo. Pingili iliyoliwa na ugonjwa haifai kunyooshwa kwa mikono. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuchuja: je, kuna homa, kukonda, kulegea kwa miguu, au kushindwa kuzuia mkojo? Mwenye dalili hizo anapelekwa hospitali haraka.

Waliobaki, ambao ndio wengi, hutibiwa kwa mikono, mazoezi na maelekezo ya namna ya kuinua mizigo na kuendelea na shughuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unaunga mkono mchanganyiko huo kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na unakataa mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni. Ila tusitie chumvi: nafuu inayotokana na kunyooshwa pekee kwa kawaida ni ndogo. Zoezi analolijua mgonjwa ndilo linalobaki naye mtaalamu akiondoka.

Na mtaalamu huondoka. Mpango huu ulitegemea sana wataalamu wa kujitolea kutoka nje, na huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Wapangaji wa afya wa kwetu wasisubiri wageni. Wawafundishe matabibu na wauguzi wa zahanati kuchuja dalili za hatari, kuelekeza mazoezi na kutoa rufaa mapema. Kazi hiyo haihitaji mashine, na mkulima anastahili kuipata karibu na shamba lake.