Chupa Yenye Umande

Nianze na chupa, maana mliokuwa pale uani Hai Amarat mnajua kwamba mengine yote yalikuwa ya kusindikiza. Ilitolewa kwenye deli la barafu, umande ukiichuruzika, na fundi akazamisha elektrodi papo hapo. Mita ya EC, yaani ya upitishaji umeme wa maji, ikatoa namba tamu, mwenye ua akapiga makofi, kisima chake kirefu kikasifiwa. Lilikuwa kosa, tena la kizembe.

Fundi nimpe haki yake: chupa zilijazwa hadi shingoni, zikaandikwa saa na mahali, elektrodi ikasuuzwa mara tatu. Hata deli halikuwa na dhambi, kwa kuwa sampuli ya kutafutia bakteria lazima ikae baridi.

Turudie polepole. Kwanza alisawazisha mita kwa kloridi ya potasiamu ya moli 0.01 kwa lita. Kibandiko kinasema mikrosimensi 1413 kwa sentimita, na kinaongeza: kwa nyuzi 25. Adhuhuri ya Juba, hata kivulini, chupa ya myeyusho huo ilikuwa kwenye nyuzi 30 hivi, na hapo myeyusho huohuo hupitisha karibu 1550. Swichi ya kusahihisha joto, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikuwa imelala kwenye 25. Akairekebisha mita mpaka ikasoma 1413. Tayari ameshaipunja kila namba itakayofuata, kama asilimia 9.

Ndipo ikaja chupa ya umande. Tuseme ilikuwa nyuzi 10. Maji yakipoa ayoni hutembea kwa uzito, na upitishaji hushuka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi. Ile 1413 ya kibandiko husoma 1020 tu kwenye nyuzi 10. Mtetezi wake aliniambia makosa mawili hufutana. Hufutana yakivutana. Haya yote mawili yalivuta chini: maji yenye 1500 ya kweli yangetoka na 990 hivi. Theluthi nzima ya chumvi imefichwa na barafu!

Na mita ilimwambia, hilo ndilo linalonikera. Tarakimu zilianza kupanda mojamoja kadiri maji yalivyopata joto la mezani. Fundi anayeisikiliza mita yake angesimama hapo, akatumbukiza kipimajoto, akaagiza chai, akangoja nusu saa. Huyu alisema inatafuta kutulia, kisha akaandika namba ya kwanza. Ya kwanza, jamani, ile ya baridi kuliko zote.

Friedrich Kohlrausch asingemruhusu hata kuosha vyombo. Mjerumani huyo ndiye aliyetuonyesha kutumia mkondo geu ili elektrodi zisivuruge kipimo, na vipimo vyake alivifunga kwenye nyuzi 18. Mwaka 1894, yeye na Adolf Heydweiller walikeneka maji mara 42 katika ombwe hadi upitishaji ukafika 0.043, na nyuzi zile 18 zimeandikwa pembeni. Msiniambie hayo ni mambo ya maabara za Ulaya. Mto huu unaopita chini ya daraja letu ulichunguzwa na Jack Talling, aliyefanya kazi Khartoum miaka ya 1950. Mwaka 1965 yeye na Ida Talling walipochapisha kemia ya maziwa ya Afrika, EC waliitoa kwa nyuzi 20. Ndiyo maana mpaka leo twaweza kuyalinganisha: Victoria karibu 100, Albert zaidi ya 700, na Bahr el Jebel inatuletea Juba mchanganyiko wa hayo mawili.

Turudi kwa fundi: kisha akazidisha namba yake kwa 0.65 kupata jumla ya chumvi zilizoyeyuka, yaani TDS. Kigawo hicho nina ugomvi nacho wa zamani, kwa sababu kila kisima kina ayoni zake, na kalamu za TDS za madukani nyingi huzidisha kwa 0.5 bila kumuuliza mtu. Leo nakiacha. Kwa hesabu yake mwenyewe, 990 ni miligramu 640 hivi kwa lita, maji ya kujivunia. 1500 ni 975, na Shirika la Afya Duniani linasema yakipita 1000 ulimi huanza kuyakataa. Makofi ya mwenye ua yalitoka kwenye pengo hilo.

Alipotangaza kwamba maji ni salama nilitazama chini. EC haijui bakteria, wala haitofautishi nitrati na chumvi ya mezani. Angalau hakufanya kama wale wachuuzi wa vichujio, wanaochovya vijiti vya chuma kwenye glasi ya mteja, wakawasha umeme, kisha wakamuuzia hofu ya kutu waliyoitengeneza wenyewe.

Fomu niliiona kabla haijakunjwa. Ina nafasi ya joto la sampuli, kando kabisa ya EC. Ameweka kistari.