Shaba Iliyokwisha Kupigana

Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 ulipofyatuka, kombora lilikwenda zake na ganda lake la shaba ya manjano likadondoka nyuma, tupu, lingali na moto. Mizinga ya aina hiyo ilikuwa maelfu, na upande wa pili haukuwa nyuma: tarehe 21 Februari 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Verdun, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walirusha makombora yapatayo milioni moja. Maganda yalikuwa mali ya serikali, yakitakiwa kurudi kiwandani yajazwe upya. Mengi hayakurudi. Yaligeuzwa vyombo vya maua, na mimi nataka kuwasifu waliofanya wizi huo.

Kazi yenyewe si ya lelemama. Shaba ya maganda ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Ukiigonga sana bila kuipumzisha, inakakamaa na kupasuka. Sharti ichomwe hadi ilegee. Kisha ganda hujazwa lami, mchanga au risasi iliyoyeyushwa, ili nyundo isilibonyeze ovyo. Ndipo fundi huchora ua, jani au jina la mji, akagongagonga pembeni mwake kwa msumari butu, nukta baada ya nukta, mpaka uwanja wote ushuke na ua libaki limeinuka. Shaba ikigoma, inarudi motoni. Wengine waliliminya ganda upande wa chini likapata kiuno chenye mikunjo ya marinda. Kitako hakikuguswa: pale pana muhuri wa kiwanda na mwaka, na fundi mwenye akili aliuacha usomeke.

Tusidanganyane, vyombo kama hivi havikufuliwa handakini. Nani angepiga nyundo mchana kutwa huku adui akisikiliza? Vilitoka kwenye karakana za wahandisi nyuma ya mstari wa mbele, hospitali za majeruhi na kambi za wafungwa wa vita. Vibarua wa Kichina walioletwa Ufaransa walichonga majoka juu ya maganda. Kazi iliyofaa handakini ilikuwa pete: alumini ya fyuzi za Kijerumani iliyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, ikasuguliwa kwa tupa hadi itoshe kidole cha mtu aliye mbali, kwa kukisia tu.

Waliofanya hayo hawakuzaliwa askari. Jeshi lilikuwa limemchukua sonara, mhunzi, fundi saa na mchimba migodi, likawavika sare moja na kuwafundisha kazi moja. Mikono haikukubali kusahau. Ndiyo maana hata kazi mbovu, yenye herufi zinazopanda na kushuka, naiheshimu: aliyeichonga huenda alikuwa mkulima, na alikuwa akijifunza.

Kwetu Afrika Mashariki, mwaka huohuo wa 1916, maganda yalipewa kazi nyingine. Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu za kutoka Ujerumani hazifiki, basi Wajerumani wakapiga hela za shaba katika karakana ya reli mjini Tabora, baadhi ya shaba hiyo ikitoka kwenye maganda ya makombora. Septemba 19 Wabelgiji waliuteka mji. Hela hizo zina sura ya haraka na mvuto wake, ila zilipigwa kwa amri, ili vita viendelee kulipiwa. Chombo cha maua hakuna vita vilivyokihitaji.

Baada ya 1918, wenyeji waliorudi Ypres, Ubelgiji, na vijiji vya jirani waliendelea kuchonga kazi hizi za shaba na kuwauzia wageni waliokuja kutafuta makaburi. Wakusanyaji wa leo huziita bidhaa za watalii na kuzishusha bei. Mimi ningezipandisha. Nyumba ya muuzaji ilikuwa kifusi na shamba lake limejaa vyuma. Aliyemuuzia mjane kisu cha kufungulia barua hakumlaghai, maana shaba ile ilikuwa imeokotwa pale pale.