Kapelo Isiyo na Mkanda: Kutoka Sare hadi Sanaa

Kapelo ya 59Fifty, iliyotolewa na kampuni ya New Era ya Buffalo mwaka 1954, haina mkanda wa kurekebishia nyuma. Hushonwa kwa kipimo cha kichwa. Kwa miongo mingi rangi zake zilifuata sare za timu za besiboli. Mwaka 1996 mwongozaji filamu Spike Lee aliomba ya New York Yankees iwe nyekundu badala ya buluu iliyokoza, na nembo ikatoka uwanjani. Maonyesho ya Museum of Modern Art, New York, mwaka 2017 yaliijumuisha kwa haki, ingawa kuitenga na kichwa kulimfifisha mvaaji, ambaye ndiye aliyeibadili. Istilahi ya Kiswahili nayo ina upungufu: “kapelo” hutaja umbo tu, ilhali upekee wa kofia hii ni kipimo.