Sifa ya Wachora Wanyama kwa Kalamu za Rangi

Wastahili pongezi mafundi ambao, kwa kalamu za rangi na picha ya paka au mbwa wa mteja, hudiriki kumdhihirisha mnyama yule karatasini hata mwenyewe akatamani kumwita. Kalamu za Polychromos za Faber-Castell, zenye rangi 120 na asili ya mafuta, hazifutiki kwa wepesi. Basi fundi hutanguliza jicho, akibakiza tone la karatasi tupu liwe mng'aro wake, na sharubu nyeupe huzichora kwa ncha butu isiyo na rangi, ikafinya mfereji ambao tabaka za hudhurungi zitapita juu yake zisiuingie. Manyoya hufuata, unyoya kwa unyoya, kazi ya subira na, kwa hakika, ya kuchosha mabega. Wapo waidharauo kuwa ni kunakili tu. Hao hawajapata kuona paka mweusi akianzwa kwa buluu na zambarau, weusi wenyewe ukaja mwisho.